Glavu ya Kapteni Mwale

Jumatatu, 2 Agosti 1948

Joto la kufa mtu. Bronx nzima imehamia kwenye ngazi za nje. Mimi niko jikoni, na wino unakauka kabla haujafika kwenye karatasi.

Hesh amerudi jioni, kofia mkononi, uso umemshuka. Nikajua kuna jambo. Kaka yangu hajui kuficha kitu usoni – na ndiye niliyempa siri yangu aitembeze mjini!

Alianza na habari njema. Jalada la kitabu chetu cha katuni limepita, Bwana Pruitt amelipenda mno, tayari liko kiwandani linachapwa. Ndiyo desturi ya mhariri wetu: kwanza jalada, kisha hadithi. Anaota picha akiwa bafuni, anaagiza ichorwe, halafu ni juu yangu kutafuta hadithi itakayoingia ndani yake. Safari hii kaota hivi: Profesa Glavu, yule mwovu mwenye glavu yake kwa kila uhalifu (ya kunata, ya kulipuka, ya kufungulia makufuli), yuko jukwaani mbele ya mji mzima. Ameshika glavu nyeusi ya mkono wa kushoto iliyomdondoka shujaa wetu Kapteni Mwale kwenye mapambano. Anataka kumvisha Wilbur Tansey, karani mpole wa ofisi ya vitu vilivyopotea kwenye treni za chini ya ardhi. Imebaki inchi moja iguse vidole. Maneno juu: "Mkono wako utakutaja!" Maana Wilbur ndiye Kapteni Mwale, na asiyelijua hilo ni kila mtu isipokuwa msomaji.

Anaponaje? Bwana Pruitt hajui. Mimi pia sijui. Kurasa nane, zinatakiwa Jumanne ijayo.

Kisha ile mbaya. Kampuni imepata mmiliki mpya, na mmiliki huyo anataka wachoraji wote chini ya paa moja. Kuanzia Jumatatu tarehe 16 kila mmoja akae ofisini, kwenye meza yake, achore watu wakimwona. Asiyekuja, wahusika wake wanapewa mwingine.

– Nikamwambia sawa, anasema Hesh.

– Sawa! Wewe hujui kuchora hata kikombe!

– Ulitaka nimwambieje? Subiri kidogo bwana, nikamwulize dada yangu?

Kwenye kurasa jina ni Harry Sterling. Harry Sterling ni Hesh Zwerling, mkata glavu, ambaye hutoroka karakana mapumziko ya mchana akapeleke kurasa. Anayechora ni mimi, Yetta, na maneno pia ni yangu. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda mwenyewe na mkoba wangu wa karatasi ngumu. Bwana Pruitt hakufungua hata kamba. Wasichana wachore magauni, alisema, ngumi ni za wanaume. Wiki iliyofuata Hesh akaupeleka mkoba uleule, kamba ileile. Wakamnunulia kahawa!

Majirani wanadhani nashona vifungo.

Sitaki Wilbur apewe mtu mwingine. Nimemchora miaka mitatu. Najua anavyokunja mwavuli wake. Atakayepewa hatajua hilo.

Jumanne, 3 Agosti

Kurasa tatu za penseli zimekwisha. Profesa anaokota glavu, anaona imelegea zaidi kwenye gumba – basi mwenyewe hutumia mkono wa kushoto! Anawaita mashoto wote mjini kwenye shindano la kuivaa. Wilbur anapata mwaliko.

Hilo la kulegea kanifundisha Hesh. Glavu ikivaliwa sana hubeba umbo la mwenyewe, anasema, mpaka inaweza kwenda mahakamani ikatoa ushahidi.

Baada ya hapo, giza. Sioni ukurasa wa nne.

Jumatano, 4 Agosti

Leo nimemfundisha Hesh kuchora. Tumeanza na kikombe.

Kikombe kimetoka kama kiatu. Nikamwambia achore kiatu basi, labda kitatoka kikombe. Amekasirika, amecheka, amevunja penseli mbili. Mama alikuwa ananyonyoa kuku, akauliza kama haya ndiyo masomo ya kutulisha.

– Nimeshakaa na wachoraji wa pale miaka mitatu, anasema Hesh. Najua wanavyoongea. Nakunja uso, nasema "kivuli kizito mno". Wananiheshimu!

– Na siku wakikupa brashi?

Akaanza kuchonga penseli iliyovunjika. Ndipo akakiri kwamba walishampa, mwezi wa tano. Mzee Ottavio wa masahihisho alimpa brashi ya wino aijaribu. Hesh alikorogea kahawa.

Nimecheka hadi machozi. Halafu machozi yakaendelea bila kicheko.

Ijumaa, 6 Agosti

Tumegundulika!

Naandika haraka, Mama ataka meza iwe safi kabla jua halijazama. Hesh amerudisha kurasa zangu tatu, alizozipeleka jana, zenye masahihisho. Huyu Ottavio ni Mwitaliano mzee anayekaa pembeni na gundi na mkasi. Kosa lolote la mchoraji yeye hulibandikia kiraka na kuchora upya juu yake. Maagizo yake huyaandika ukingoni kwa penseli ya buluu hafifu, kwa sababu kamera ya kiwandani haioni buluu hiyo. Anaiona tu anayeshika ukurasa mkononi. Kwa kawaida huandika "safisha hapa", "mlango umepinda".

Leo kaandika hivi, herufi ndogondogo:

"Jalada. Gumba liko upande usio wake. Hiyo si glavu ya kushoto, ni ya kulia. Limeshachapwa, hatuwezi kitu. Lakini mchoraji huiga mkono wake ulio huru. Huu ulioigwa ni wa kulia. Basi penseli ilikuwa mkono gani? Bwana Harry hutia sahihi kwa kulia. – O."

Nilikaa chini sakafuni.

Ni kweli. Ni kweli kabisa! Nachora kwa kushoto, na mkono wa kulia unalala mezani niutazame. Nikitaka mkono wa kushoto kwenye picha, naugeuza kichwani. Miaka mitatu nageuza na sijawahi kukosea. Siku ya jalada kulikuwa na joto, Mama anagombana na muuza barafu mlangoni – sikugeuza. Mchoraji wa mkono wa kulia asingeweza kufanya kosa hili hata akitaka. Ni kama nimetia sahihi.

Na Hesh! Mkata glavu! Kalibeba jalada mpaka mjini, asione!

– Niliona, anasema. Nilidhani ndiyo sanaa.

Mama anaita. Mishumaa ya Sabato.

Jumapili, 8 Agosti

Jana sikuandika. Sabato, kuandika ni mwiko, na Mama anazihesabu kalamu zangu kwa macho. Lakini kuwaza hakukatazwi, nimewaza siku nzima nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nje na tikiti maji.

Nimewaza kuhusu Bibi Crandall, mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Alinifunga mkono wa kushoto nyuma ya kiti kwa utepe wa kijani, utepe mzuri, wa satini. Kila asubuhi mpaka Desemba. Nikajifunza kuandika kwa kulia. Mpaka leo mbele ya watu naandika kwa kulia, benki, posta, popote. Kushoto ni kwa Wilbur na kwa daftari hili tu.

Na nikamwaza Profesa Glavu, aliyesimama jukwaani na glavu isiyo yake. Kosa langu lipo kwenye jalada, litaonwa na kila mtoto wa Amerika. Watoto huona kila kitu! Wataandika barua. "Bwana mhariri, gumba liko upande mbaya."

Hesh alikuwa anamweleza Mama mambo ya karakanani. Kosa la aibu kuliko yote kwa mkata glavu, anasema, si kukata vibaya. Ni kutoa glavu mbili za kulia ukadhani umetoa jozi. Walimcheka fundi mmoja mpaka akahama mji.

Nikasimama! Tikiti likaanguka kwa majirani wa chini!

Wilbur anafanya kazi wapi? Ofisi ya vitu vilivyopotea! Nyuma yake kuna nini? Glavu mojamoja, elfu na elfu, kila rangi, kila mkono! Sasa: Profesa ana mkoba wa glavu zake zote, pamoja na ile nyeusi. Ana haraka, ana majivuno, anausahau kwenye treni kama mtu yeyote. Ukurasa wa nne anakuja kwenye dirisha la Wilbur, kofia imevutwa mpaka puani. "Mkoba wangu, kijana. Na uhakikishe glavu nyeusi ipo." Wilbur anainama chini ya meza. Anainuka. "Hii hapa bwana, nyeusi." Anatabasamu kwa adabu.

Ni nyeusi. Ni ya kulia.

Jukwaani haiingii. Profesa anasukuma, anavuta, jasho linamtoka. Mji mzima unacheka: profesa wa glavu asiyejua kulia na kushoto! Gumba la jalada limekaa mahali pake hasa. Mtoto atakayeliona dukani atajua jibu kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, na atajiona mwerevu kuliko Profesa.

Nina furaha! Naanza kuchora sasa hivi, na mchana bado mrefu.

Jumanne, 10 Agosti

Zote nane! Penseli na wino. Hesh amezipeleka.

Ukingoni mwa ukurasa wa nane nimeandika kwa buluu: "Asante kwa jicho. Penseli ilikuwa kushoto. Tafadhali usimwambie mtu."

Nimejutia kuandika mara tu Hesh alipopotea kwenye kona.

Jumatano, 11 Agosti

Ottavio hakumwambia mtu. Karudisha ukurasa mmoja tu, kwamba eti kuna doa. Hakuna doa. Kuna barua:

"Miaka mitatu, ili kiraka changu kifuate mistari yako, nageuza ukurasa miguu juu. Mistari yako inalala upande wa pili. Shingo inaniuma, bwana! Jumatatu Harry hataweza, unajua. Atapewa penseli mbele ya Pruitt. Njoo wewe. Na hadithi ni nzuri. Nimecheka peke yangu, wakadhani nimeugua."

Nimeisoma mara sita. Miaka mitatu mtu amekuwa akigeuza kurasa zangu, na mimi nilidhani hakuna anayenijua.

Nimejibu kwa maneno mawili: "Si bwana."

Alhamisi, 12 Agosti

Jibu limekuja nyuma ya kipande cha karatasi ya majaribio ya uchapaji, Hesh kalileta ndani ya kofia kama jasusi.

"Hilo nalo nilijua. Ofisi nzima hii, hakuna mwanaume anayejua vifungo vya gauni viko upande gani. Wanawake unaowachora wote hufunga upande wa kushoto, hata gauni la kijakazi aliye mbali nyuma. Njoo na mkoba. Mimi nitakuwa kando ya kabati. Siwezi kuahidi chochote kuhusu Pruitt. Ni mkaidi. Lakini si mjinga."

Siwezi kuahidi chochote. Afadhali hivyo. Angeahidi nisingemwamini.

Siendi. Nitaenda. Siendi.

Ijumaa, 13 Agosti

Hesh kaingia na mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kiwikoni, umening'inia shingoni.

Mama kapiga yowe. Kumbe mzima! Kafungwa na mpishi wa mkahawa aliyekuwa mganga wa jeshi. Ndiyo mpango wake: Jumatatu anakwenda kukaa kwenye meza, mkono umevunjika, hawezi kuchora, kwa hiyo atachorea nyumbani kwa "mkono mwingine" – yaani wangu. Wiki sita tumezipata.

– Na baada ya wiki sita?

– Nitavunja mguu.

– Watu hawachori kwa mguu, Hesh!

– Basi nitapata surua! Wewe unataka nini? Nimesimama mbele ya yule bwana miaka mitatu nikiwa wewe. Sijui kuchora, lakini kusimama nimesimama!

Hilo limenichoma, kwa sababu ni kweli. Nimemwambia najua. Nimemwambia hakuna kaka mwingine angefanya hivyo. Kisha nikamwambia nimechoka kujificha, nikashangaa kusikia sauti yangu ikilisema.

– Wakikufukuza? anauliza. Huyo Wilbur wako anakwenda kwa mwingine siku hiyohiyo. Kwa bendeji angalau unaye.

Amesema kweli. Nikibaki ndani, Wilbur ni wangu wiki sita, labda zaidi. Nikienda, huenda nikampoteza kabla ya chakula cha mchana.

Mama alikuwa anasuka mkate wa Sabato. Hakugeuka. Akasema, "Niliuona ule utepe." Vidole vyake vikaendelea kusuka. "Wa kijani. Ulikuja nyumbani na alama kwenye kifundo cha mkono. Nilikuwa na miaka miwili tu nchi hii, sijui lugha, nikasema shule inajua. Kumbe haikujua kitu." Akapiga unga mezani. "Mimi nilinyamaza. Basi sina ruhusa ya kukwambia unyamaze. Wewe Hesh, ondoa hilo tambara, unanitia kisirani kwenye meza."

Hesh hakuliondoa. Anasema ataenda nalo, akiba.

Jumapili, 15 Agosti

Nimesugua vidole kwa limau na chumvi. Wino hautoki.

– Uache, kasema Mama. Unaosha cheti chako.

Mkoba uko mlangoni. Nimetia rasimu za jalada, za kurasa nane, na zile kurasa za kwanza kabisa za miaka mitatu iliyopita. Kamba ni ileile, nimeifunga kwa fundo lilelile.

Jumatatu, 16 Agosti

Benchi la ofisini. Saa tatu na robo asubuhi. Hesh yuko ndani, mimi nimeambiwa na bibi wa mapokezi nisubiri. Kadhani ni mke wake, nimekuja kumshikia kofia! Kaniuliza kama nataka gazeti la mapishi.

Nimetoa daftari badala yake, maana nisipoandika nitakimbia. Ngazi ziko pale, hatua kumi.

Mlango ni wa kioo cha ukungu lakini juu uko wazi, nasikia kila kitu. Bwana Pruitt anacheka. Anasema glavu ya kulia! Anasema msimamizi wa kiwanda alimpigia simu kumwambia jalada lina kosa, naye akakaribia kuanguka, halafu kasoma ukurasa wa nne. Anasema hajawahi kuona mchoraji akimtegea mwovu mtego kuanzia kwenye jalada. Anamwuliza Hesh, ulifikiriaje, Harry?

Hesh anasema kivuli kilikuwa kizito mno.

Ee Mungu wangu.

Sasa Bwana Pruitt anauliza huo mkono umepatwa na nini. Hesh anasema umevunjika. Anauliza, wakati gani, maana Jumatano ulikuwa hapa umebeba masanduku. Hesh anakohoa.

Namwona mzee mmoja kando ya kabati, mfupi, gundi mpaka kwenye nyusi. Anatazama upande wangu. Anatazama daftari. Anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Kisha kwa kichwa tu, polepole, ameniamkia. Nami nikamwamkia. Ndiye.

Ndipo nikaona anachotazama. Naandika kwa kushoto! Hapa, mbele ya watu wote, bibi wa mapokezi, kijana wa simu, mtu aliyeleta barafu – tangu nilipoketi. Sikufikiri hata kidogo. Kalamu ilikwenda yenyewe.

Nimeisimamisha kidogo. Nilitaka kuihamishia kulia. Nimeirudisha.

Ndani, Hesh anasema kitu kwa sauti ndogo. Nasikia "dada yangu". Nasikia "si mimi, bwana, wala hajawahi kuwa mimi". Kaka yangu mpenzi, mwongo mbaya kuliko wote duniani!

Kiti kimesukumwa. Viatu. Mlango umefunguka. Bwana Pruitt amesimama mlangoni na nyuma yake Hesh, bendeji inaning'inia, imefunguka nusu. Bwana Pruitt ananitazama. Sidhani kama ananikumbuka. Uso umemwiva, sijui ni hasira au ni joto. Macho yanashuka kwenye vidole vyangu, kwenye wino, kwenye kalamu inayokwenda. Inakwenda bado. Sitaificha.

Anauliza, huo mkoba ni wako?

Ni wangu, nimesema. Na Wilbur pia.

Hajaita mtu. Hajanionyesha ngazi. Ameketi kwenye benchi, pembeni yangu, mkoba magotini. Mzee Ottavio ameacha kujifanya ana kazi. Fundo limekaza, na Bwana Pruitt ana vidole vinene, lakini hajakata tamaa nalo. Anafungua kamba.